Maji ya Uani

Walinikatia mkomamanga wangu nikiwa nimekaa eda, ukuta mmoja tu kati yangu na panga lao, na kila pigo nililisikia. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, na zaidi ya yote, kama walivyokuwa wakinikumbusha asubuhi na jioni, hapazi sauti. Shemeji yangu alijua pa kunipatia. Angengoja nitoke eda, angenikuta uani na ufagio mkononi, na mafundi wake wangekimbia na ndoo zao.

Mtasema nina hasira. Ninazo, na nitasimulia nikiwa nazo. Anayetaka habari za mjane mpole aende nyumba ya pili.

Marehemu mume wangu, Abdulhamid, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Gerezani. Aliuza saruji maisha yake yote. Maghorofa yaliyoota Kariakoo nzima, mengi yalipita kwanza mgongoni mwa makuli wa duka lake. Lakini nyumbani kwake hakuruhusu hata mfuko mmoja uvuke kizingiti. Watu wakimtania kwamba mganga hajigangi, alijibu kwamba hata muuza sumu ya panya haiweki karibu na chungu cha ubwabwa.

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yake kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyuma ya Mnazi Mmoja, na Abdulhamid alikwishanipa hiba kabla hajaugua, kwa hiyo msinitie kwenye mambo ya mirathi. Ni nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa. Kuta zake ni nene, na juu ya kila mlango kuna matundu ya kupitishia hewa. Katikati kuna uwanja wa ndani usio na paa, na vyumba vyote vinafungukia hapo. Hatukujaaliwa mtoto, mimi na Abdulhamid. Tulijaaliwa uwanja.

Barabara ya mtaa wetu kila ikiwekwa lami mpya hupanda. Nyumba haipandi, na siku hizi mtu huingia kwetu kwa kushuka. Masika yakifika majirani huchota maji vyumbani kwa ndoo, wakashangaa miaka nenda rudi mbona kwetu hakuna anayechota. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Abdulhamid alichimba shimo kubwa pembeni ya uani kwa mikono yake, akalijaza mawe na vipande vya matofali, na juu akamwaga changarawe. Maji ya paa lote yalishuka kwa mfereji wa bati mpaka pale, yakazama. Maji ya kuogea yalipitia kwanza kwenye magimbi na mchaichai. Udongo uliobaki aliuacha wazi, haukupigwa sakafu, ukamea mkomamanga na asumini, na chini ya mkomamanga nilitandika mkeka ambao wanawake wa mtaa walikuja kuchambulia mchele mwezi wa Februari, wakati vyumba vyao havikaliki kwa joto.

Mvua ikianza kupiga mabati, Abdulhamid alikwenda kusimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama maji yakilitafuta shimo lake. Acha yanywewe, alikuwa akisema. Kila mvua, maneno yale yale, hata mimi nikawa nimeacha kuyasikia.

Sasa huyo shemeji. Saif ni mdogo wake Abdulhamid. Aliishi Sharjah miaka mingi, akarudi kaka yake alipoanza kuugua, na sitaki kumdhulumu: alimuuguza. Alimbeba, alimwogesha, alilala sakafuni hospitalini. Lakini Sharjah ilimfundisha kwamba udongo ni uchafu. Uwanja usio na vigae, kwake yeye, ni wa mtu aliyefilisika au aliyekata tamaa ya maisha. Siku Abdulhamid anakata roho, hospitalini walikuwa wakiruhusu mtu mmoja mmoja chumbani. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kuswali adhuhuri, ndani yuko Saif. Niliporudi nilimkuta ameshika mkono wa kaka yake, na kaka yake hayupo.

Siku ya panga nilikuwa nasoma Yasini. Aliyekuwa akinikalia eda ni dada yao, wifi yangu Rahaf, na mlinzi wa eda kama yeye hajapata kutokea. Alinusa hata sabuni yangu, isije ikawa na manukato. Nilimuuliza kinachokatwa ni nini. Akasema wanasafisha uani kwa ajili ya hitima. Mkomamanga una mti mgumu, haukatiki kimya, nami nimeishi nao miaka ya kutosha kuijua sauti yake. Nikainuka. Rahaf akainuka kabla yangu, akasimama mlangoni, maana mlango ule unafungukia uani moja kwa moja na uani kulikuwa na wanaume. Tulia wifi, akaniambia, mjane hapazi sauti, utamtesa marehemu kaburini mwake. Nilimuuliza ni nani hasa anayemtesa marehemu kwa panga muda huu. Hakubanduka mlangoni.

Nikalia. Nililia kwa ghadhabu mpaka kifua kikauma. Wanawake waliokuwa wamekuja kunipa mkono wa pole wakatazamana, wakaambizana waniache nilie, mume si mchezo, na mmoja akasifu kwamba siku zile za mwanzo nilikuwa nimejikaza mno, afadhali leo yametoka. Mimi nalilia mti, wao wananipa pole ya mume. Kama kuna kitu cha kumtia mtu wazimu ni kufarijiwa kwa jambo ambalo silo.

Kesho yake akaja Ila. Ila na mumewe Chandu wanakaa ghorofa ya pili ya jengo la jirani, na roshani yao iko juu ya uani kwangu. Tumezoeana tangu tukiwa wasichana, yeye binti wa duka la vitambaa, mimi binti wa duka la viungo. Aliniletea bakuli la dengu na habari zote, na Ila hajui kunong'ona. Mkomamanga umekwenda, asumini imekwenda, alisema. Changarawe imezolewa kwenye viroba. Shimo wamelishindilia vifusi. Sasa wanachanganya zege, na uani kote kutapigwa sakafu, kisha vigae. Saif amemwambia Chandu kwamba ni zawadi, nitaikuta siku nitakayotoka eda.

Nikamuuliza saruji imetoka wapi. Ila akatazama chini, akasema mifuko ina muhuri wa duka la Abdulhamid.

Hapo nilishikwa na kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Mtu ameuza saruji maisha yake yote na kuizuia isivuke mlango wake, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, saruji ya dukani kwake mwenyewe inaingizwa nyumbani kwake kwa toroli. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, wala hawakukosea.

Nikamtuma Rahaf awaambie mafundi wasimame. Alikwenda, nasikia viatu vyake, nasikia mabeleshi yakinyamaza, kisha nasikia yakianza tena. Akarudi na jibu la fundi mkuu: zege halilali. Wabongo wanalisema hilo kwa kila jambo ambalo hawataki kuliahirisha, lakini hapa lilikuwa lenyewe hasa. Zege likishachanganywa halingoji kesho, na mwenye nyumba analia ndani.

Mwishowe Saif mwenyewe akaja nyuma ya pazia la mlango wangu. Shemeji si maharimu, kwa hiyo yeye huko na mimi huku, na Rahaf katikati kama askari wa mpaka. Alisalimu vizuri. Saif ana adabu, hilo nalo lilinikera.

"Pale mnapomwaga zege pana shimo la maji," nilimwambia. "Mkiliziba, maji ya paa yataenda wapi?"

"Yatatoka barabarani, shemeji, kama ya watu wote."

"Barabara iko juu ya kitanda changu, Saif. Umeona wapi maji yakipanda?"

Akatumia sauti ile ambayo watu humtumia mgonjwa asiyetaka kunywa dawa. Alisema anajua nina majonzi, na mwenye majonzi kila kitu humuuma. Alisema hafanyi haya kwa kujipendekeza. Uani patawekwa tangi la maji na koki, na mlango wa uchochoroni utafunguliwa ili wapita njia wanywe, sadaka ya kuendelea kwa ajili ya kaka yake. Na tena si wazo lake. Ni wasia. Marehemu alimkabidhi yeye kwa kinywa chake.

Nilimwambia ni mwongo.

Rahaf akajishika mdomo. Upande wa pili wa pazia Saif akasema hatabishana na mwenye eda, akaondoka. Sikumuuliza alichoambiwa hasa ni nini. Nilikaa na Abdulhamid miaka yote ile, nikamwona akifukuza toroli la saruji mlangoni kwake mwenyewe. Mtu kama huyo hausii kupigwa sakafu.

Kazi ikaisha, na waliokuja kwenye hitima wakaisifu mpaka mate yakawakauka. Panang'aa, walisema, panapendeza, utadhani hoteli ya Posta. Ukuta wa nje wa chumba changu nao ulikuwa umebanduliwa chokaa yake na kupigwa saruji, kwa sababu chokaa ilionekana ya kizamani, na matundu ya hewa yakazibwa ili vumbi lisiingie. Juu ya tangi wakabandika jiwe la marumaru lenye jina la Abdulhamid, na chini yake maneno: Kunywa, umwombee. Ila aliniambia kwamba pale paliposimama mkomamanga, Saif ametandika zulia la majani ya plastiki. Alikuwa amemwambia Chandu kwamba hataki rangi ya kijani ipotee kabisa, kwa kuwa anajua shemeji anapenda bustani.

Majani ya plastiki. Nilicheka siku ile, na Rahaf akakimbilia kunisomea dua.

Chumba kikawa tanuri. Vigae vilishika jua kutwa nzima na kulirudisha ndani jioni. Ukuta ulioshiba saruji ukaanza kutoka jasho, ukawa na madoa ya unyevu yaliyopanda kutoka chini, maana jiwe la matumbawe hutaka kupumua na wao wamelifunga mdomo. Wanawake waliokuwa wakija kunikalia walianza kuaga mapema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ule ubaridi wa zamani ulikwenda wapi. Walisema mwaka huu jua limezidi.

Na choo. Bafu na choo chetu viko ng'ambo ya uani. Mlango wa uchochoroni ulipofunguliwa, tangu asubuhi hadi magharibi uani kukawa na wanaume: makuli, wamachinga, wapiga debe, wenye mikokoteni, wamejipanga na vikombe vyao. Sikuwachukia hao. Kiu ni kiu, na jua la Kariakoo halina huruma, na kila aliyekunywa alimwombea mume wangu, nami nikaitikia amina kitandani. Lakini mwenye eda haonekani na wanaume. Kwa hiyo mimi, ndani ya nyumba yangu, nilikuwa nangoja umma unywe maji ndipo nikajisaidie. Nilipolalamika, Saif akaniletea ndoo yenye kifuniko, mpya, ya rangi ya waridi. Sadaka ya mume wangu ilinifungia choo.

Niliapa kwamba siku nitakayotoka, kitu cha kwanza kitakachoingia mlango ule ni nyundo. Mvua haikuningoja.

Ilianza baada ya adhuhuri, masika yenyewe, yale ya kugeuza mchana kuwa jioni. Nilisikia bati likipigwa, na kwa mazoea nikasikiliza sauti ya maji kushuka mferejini na kupotea kwenye changarawe. Haikuja. Badala yake nilisikia maji yakipiga vigae, kisha maji yakipiga maji. Nje wanaume wakaanza kupiga kelele na ndoo. Barabara nayo ikaanza kurudisha ya kwake kwa mlango wa uchochoroni. Halafu ukanda mwembamba ukapita chini ya mlango wangu, ukalowesha mkeka wangu wa kuswalia, ukasogea taratibu mpaka kwenye sanduku lenye nguo za Abdulhamid ambazo nilikuwa sijazigawa.

Rahaf akaniambia nipande kitandani. Nikapanda. Maji yakafika kwenye miguu ya kitanda. Kipande cha chokaa ya ndani kikang'oka ukutani, kikaanguka majini, na nyuma yake jiwe la babu yake Abdulhamid lilikuwa limelowa, linamumunyuka. Huu ndio ukuta uliobeba paa. Nikaona waziwazi kwamba masika hayajafika hata nusu, na nyumba haitayamaliza.

Nikashuka, nikajifunga kaniki juu ya nguo zangu za eda, nikavuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Rahaf akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Mwenye eda akihofia nyumba kumwangukia, anatoka," nilimwambia. "Tulisoma chuo kimoja, Rahaf. Unalijua hilo. Nipishe."

Akanipisha.

Uani palikuwa ziwa. Zulia la plastiki lilikuwa linaelea. Saif na mafundi wawili walikuwa wakichota maji na kuyamwaga barabarani, na barabara inayarudisha. Waliponiona, wote watatu waligeuza nyuso ukutani, ndoo mikononi. Pembeni, kwenye vifaa vyao, ulisimama mtaimbo, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe. Nikauchukua.

Saif akaita jina langu bila kugeuka. Akanisihi nirudi ndani, akasema watu watasemaje, akamwita dada yake anishike. Lakini Rahaf alibaki kizingitini, na Saif hakuweza kuninyang'anya chuma kile mkononi, wala fundi yeyote hakuweza, kwa sababu mwenye eda hashikwi na mwanamume. Sheria waliyonifungia ndani ndiyo iliyowafunga wao ukutani. Nilikuwa huru kuliko siku zote tangu nifiwe.

Shida ikawa moja. Vigae vyote vilifanana, tena viko chini ya maji, na mimi niliyelipalilia shimo lile kila wiki sikujua liko wapi. Hilo nalo walinipora. Nikapiga mahali, chuma kikaruka, mikono ikafa ganzi. Nikapiga tena.

"Siyo hapo, Mauza," sauti ikatoka juu. Ila alikuwa kwenye roshani yake, sari imelowa, ameshikilia chuma cha kuanikia nguo. "Kushoto. Karibu na bafu. Mimi nimelitazama shimo hilo kila siku ya maisha yangu. Kushoto tena. Hapo."

Nikapiga hapo. Kigae kikapasuka. Chini yake zege, gumu, kazi nzuri, saruji ya mume wangu ilikuwa saruji ya kweli. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka na halikutoa ila vipande vya ukubwa wa njugu. Nilikuwa nalia tena, na safari hii asije mtu akanipa pole ya kitu kingine.

"Umeiua nyumba yake," nilimwambia Saif mgongoni. "Mtu amekufa ukaona hakutosha, ukamfuata mpaka uani kwake. Na ukamsingizia wasia."

"Sikumsingizia," Saif akasema, uso ukutani. "Wallahi sikumsingizia. Alikuwa hawezi tena kusema, akanivuta mkono, nikaweka sikio. Akasema, 'Maji ya uani, Saif, yanywewe.' Akarudia, yanywewe. Nikamwambia nimesikia kaka, yatanywewa. Ndipo akatulia. Ndipo akapiga shahada."

Mtaimbo ukasimama mkononi mwangu.

Maneno ni yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesema hivyo, na Saif hakuwahi kukaa nyumba hii masika hata mamoja tangu shimo lichimbwe, ya kuweza kuyatunga. Aliyasikia vizuri, akayabeba kama amana, akayatekeleza mpaka herufi ya mwisho. Alisikia maji yanywewe, akatafuta wenye kiu, na Kariakoo wenye kiu hawakosekani.

"Yanywewe na nani?" nilimuuliza.

"Na watu. Na wapita njia." Sauti yake ilikuwa imeshaanza kujua. "Na nani tena, shemeji?"

"Na ardhi, Saif. Alisema hivyo kila mvua ilipoanza, tangu aniingize nyumba hii. Alikuwa anakwambia usiizibe."

Alisimama vile vile, paji la uso limegusa ukuta, mvua inamwagika mgongoni. Kisha akageuka, eda au si eda, macho chini, akanyoosha mkono pembeni. Nikauweka mtaimbo chini, nikarudi nyuma, naye akauokota. Alipiga kama mtu anayempiga adui. Mafundi wakaja na nyundo bila kuitwa. Zege likapasuka, wakang'oa kipande, wakaingia kwenye vifusi walivyoshindilia wenyewe, wakavitoa kwa mikono, matope mpaka mabegani, hadi wakafikia mawe ya Abdulhamid.

Maji yalizunguka kidogo juu ya shimo, yamesahau njia. Halafu yakashuka, na chini ikasikika sauti niliyokuwa nikiikosa, ya kumeza.

Rahaf alianza kusema alhamdulillahi. Mimi sikusema. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, na hasira zangu zilikuwa zimemwacha Saif, zimekwenda kwa mwenyewe. Nilimkasirikia Abdulhamid. Angesema tu, na ardhi. Neno dogo, pumzi yake alikuwa nayo, maana alirudia mara mbili. Au angeningoja nimalize rakaa zangu nirudi, aniambie mimi. Mimi ningeelewa hata kwa nusu neno. Alikwenda kulimwaga neno la nyumba yetu sikioni mwa mtu wa Sharjah, na mimi niko kwenye swala, natoa salamu. Sikumsamehe siku ile, na nikisikia mvua bado namgombeza.

Nikarudi ndani kumaliza eda yangu. Rahaf alikamua mkeka wangu wa kuswalia kimya kimya, akazitoa nguo za Abdulhamid sandukuni, akazitandaza kwenye kamba ya chumbani moja moja, na hakunusa chochote.

Mvua ilipopungua, Saif akaja nyuma ya pazia. Aliomba radhi, tena akaomba, nikamwambia imetosha. Akauliza habari za tangi. Nikamwambia tangi na marumaru yake vipelekwe baraza ya mbele, wenye kiu wanywe huko wakiwa njiani, wamwombee kaka yake huko huko. Akasema sawa. Kisha akasema shimo lililofunguliwa linatosha kwa leo, mafundi wamechoka, sakafu iliyobaki na lipu ya ukuta wangu atawaita wiki ijayo waje wavibomoe pole pole.

"Saif," nilimwambia, "zege halilali."

Nikasikia hatua zake zikirudi uani. Kisha nikausikia mtaimbo.